Masikio Mazima, Maneno Yasiyoeleweka: Uchakataji wa Sauti na Matatizo ya Usemi kwa Watoto

Mama anamwambia mwanawe wa miaka sita, "Nenda ukafue shati lako la shule." Mtoto anasimama, anamtazama mama yake kinywani, kisha anaanza kulivua shati alilolivaa. Mama anarudia kwa ukali akidhani amefanyiwa mzaha. Shuleni mwalimu anasoma imla, na pale palipopaswa kuandikwa "pasi" mtoto ameandika "basi". Usemi wake wenyewe unaeleweka na watu wa nyumbani tu. Mgeni hulazimika kumwomba dada yake afasiri. Amekwisha kupelekwa hospitalini mara mbili. Masikio yametazamwa kwa taa, hayana nta wala usaha. Amevalishwa vipokea sauti na kupigiwa milio, na kila mlio ameusikia. Familia imerudi nyumbani na karatasi isemayo kwamba usikivu ni wa kawaida, na jirani mwenye nia njema ameshauri mtoto akatwe udata.

Wahudumu wa afya wengi wamekutana na mtoto wa namna hii, pengine bila kutambua kwamba karatasi ile na malalamiko ya mama vinaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja.

Kipimo cha milio humwuliza mtoto swali moja: umesikia au hukusikia? Ni swali muhimu, na hakuna uchunguzi wa usemi unaopaswa kuanza bila jibu lake. Lakini lugha haiundwi kwa milio mirefu iliyopigwa mmoja mmoja ndani ya chumba kimya. Mawimbi ya sauti yakiisha kutikisa ngoma ya sikio na vile vifupa vitatu vya sikio la kati, huingia katika koklea, kiungo kilichojiviringisha mfano wa kombe la konokono, ambamo seli zenye vinyweleo hugeuza mtikisiko kuwa ishara za umeme. Kuanzia hapo safari bado ni ndefu. Ishara hupita katika neva ya kusikia, huingia katika shina la ubongo, huvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine katika vituo kadhaa, na hatimaye hufika kwenye gamba la ubongo katika eneo la panja. Njiani humo ndimo ubongo unamopambanua sauti inatoka upande gani, unamotenga maneno na kelele, unamopanga sauti zinazofuatana kwa kasi, na unamojaza silabi iliyomezwa na mlio wa pikipiki. Kazi hiyo yote ndiyo iitwayo uchakataji wa sauti.

Kwamba sikio linaweza kuwa zima ilhali njia ya ndani ina hitilafu, si jambo lililogunduliwa jana. Mwaka 1954 Ettore Bocca na wenzake nchini Italia walieleza habari za wagonjwa wenye uvimbe katika eneo la panja la ubongo. Kwa vipimo vya milio walionekana kusikia vizuri, lakini maneno yaliyoharibiwa kidogo kwa makusudi yakipelekwa katika sikio lililo upande wa pili wa uvimbe, walishindwa kuyatambua. Mwaka huohuo Helmer Myklebust alichapisha nchini Marekani kitabu kuhusu matatizo ya usikivu ya watoto, akasisitiza kwamba mtoto asiyeitikia sauti si lazima awe kiziwi. Miaka saba baadaye Doreen Kimura, akifanya kazi Montreal, alipeleka tarakimu tofauti katika masikio mawili kwa wakati mmoja na kuona kwamba kwa watu wengi sikio la kulia hushinda, kwa kuwa njia yake iendayo kwenye nusu ya kushoto ya ubongo, yenye kushughulikia lugha, ndiyo yenye nguvu zaidi. Vipimo vya leo vya uchakataji wa sauti, kwa sehemu kubwa, ni wajukuu wa majaribio hayo.

Kiswahili chenyewe kinatoa mifano mizuri ya kazi inayomkabili mtoto. Irabu za lugha hii ni tano, zina nguvu na hudumu. Hata mtoto mwenye tatizo huzikamata. Konsonanti ndizo zinazopita kama cheche. Tofauti kati ya "fua" na "vua", "pasi" na "basi", "kamba" na "gamba", huamuliwa ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde. Tena Kiswahili hubebesha silabi ndogo mzigo mkubwa. Katika "anakula", "alikula", "amekula" na "atakula", habari yote ya wakati imo katika silabi moja isiyo na mkazo, kwa maana mkazo umekwenda kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mtoto ambaye ubongo wake unakamata sehemu zenye mkazo tu hubaki na "kula", bila kujua kama chakula kimeliwa, kinaliwa au kitaliwa. Watoto wote wadogo huanza kwa kuviacha viambishi hivyo, na Kamil Ud Deen alilieleza hilo kwa kina katika utafiti wake juu ya watoto wa Nairobi uliochapishwa mwaka 2005. Hoja ya mtaalamu si kwamba mtoto ameviacha, bali kwamba bado anaviacha wakati wenzake wa rika moja wamekwisha kuviokota.

Usemi hujengwa kwa sikio. Mtoto husikia neno, hulihifadhi, hujaribu kulitamka, hujisikiliza, kisha hujirekebisha. Picha iliyohifadhiwa ikiwa na ukungu, ulimi hauna cha kuiga. Hapo ndipo uhusiano kati ya uchakataji wa sauti na matatizo ya usemi unapoanzia, na ndiyo sababu baadhi ya watoto hawa hushindwa pia kurudia neno jipya lenye silabi nne au tano, hukawia kujifunza kusoma, na huchanganya herufi katika imla.

Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba kila anayekosea kutamka amekosea kusikia. Mwaka 1960 Jean Berko na Roger Brown walisimulia kisa cha mtoto aliyeshindwa kutamka sauti ya mwisho ya neno la Kiingereza lenye maana ya samaki. Mtu mzima alipomwiga, akalitaja neno kwa kosa lilelile, mtoto alikataa katakata. Alikubali tu lilipotamkwa sawasawa. Wazazi wa Kiswahili wanakijua kisa hiki bila kukisoma. Mtoto husema "sati" akimaanisha "shati", lakini mama akimtania, "Lete sati," hukasirika: "Si sati, sati!" Sikio lake ni zuri, na kinachohitaji muda ni ulimi. Mzazi au muuguzi anaweza kuupima ukweli huo kwa mchezo mdogo: picha ya pasi na picha ya basi ziwekwe mezani, msemaji azibe midomo kwa karatasi ili mtoto asisome kinywa, kisha amwombe aonyeshe moja baada ya nyingine, mara kumi hivi kwa kubadilishabadilisha. Anayeonyesha sawasawa lakini hutamka vibaya ana njia moja ya tiba. Anayebahatisha ana nyingine. Mchezo huu si kipimo rasmi, lakini humwambia mhudumu pa kuanzia.

Je, hitilafu ya uchakataji wa sauti ndiyo chanzo cha matatizo ya usemi na lugha, au ni vitu viwili vinavyotembea pamoja? Hapa wanasayansi wamebishana kwa miaka hamsini, na mhudumu wa afya anapaswa kuujua mgogoro huo ili asiwauzie wazazi uhakika usiokuwapo. Mwaka 1973 Paula Tallal na Malcolm Piercy walionyesha kwamba watoto wenye ulemavu wa lugha waliweza kupambanua milio miwili iliyoachana kwa muda wa kutosha, lakini pengo lilipofupishwa walipotea, ilhali wenzao hawakupata shida. Ilionekana kana kwamba ufunguo umepatikana: ubongo uliokuwa mzito kufuata sauti za haraka. Kutokana na wazo hilo zilibuniwa programu za kompyuta za kumzoeza mtoto kusikiliza sauti zilizopunguzwa kasi, zikauzwa sana.

Kisha picha ikachafuka. Mwaka 1999 Dorothy Bishop na wenzake, kwa kuchunguza mapacha nchini Uingereza, waliona kwamba udhaifu wa kurudia maneno yasiyo na maana hurithiwa kwa kiasi kikubwa, lakini udhaifu wa kupambanua milio haukuonyesha dalili hiyo. Chanzo chake kilielekea kuwa mazingira. Mwaka 2010 David Moore na wenzake walichapisha uchunguzi wa watoto 1,469 wa Uingereza wenye umri wa miaka sita hadi kumi na mmoja, wakahitimisha kwamba dalili nyingi zinazoitwa za uchakataji wa sauti ziliendana na umakini unaopandashuka kuliko udhaifu wa hisi yenyewe. Na zile programu za kompyuta? Mwaka 2008 Ronald Gillam na wenzake waliwagawa watoto 216 katika makundi manne: kundi la programu hiyo, makundi mawili ya mazoezi mengine ya kompyuta, na kundi lililofundishwa ana kwa ana na mtaalamu wa tiba ya matamshi na lugha. Makundi yote yaliendelea, na hakuna lililoyashinda mengine.

Somo la matokeo haya ni la kutuliza zaidi kuliko la kukatisha tamaa. Uhusiano upo, ila si barabara iliyonyooka. Mtoto mmoja ana tatizo la njia ya kusikia, mwingine la lugha, mwingine la umakini, na wengi wana mchanganyiko. Mzazi asiye na fedha za kununua programu ya kompyuta kutoka ng'ambo hajamkosesha mwanawe dawa ya pekee.

Katika mazingira ya Afrika Mashariki zipo sababu ambazo mhudumu hapaswi kuzipita haraka. Ya kwanza ni sikio la kati. Maji mazito yakikaa nyuma ya ngoma kwa majuma, mtoto husikia kama aliyeziba masikio kwa vidole, leo hivi na kesho vile. Akipimwa siku maji yamepungua, hupasi. Wakati huohuo amepoteza miezi ya lugha katika umri ambao kila mwezi una thamani. Sikio linalotoa usaha nalo lisizoeleke kuwa jambo la kawaida la utotoni. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto hutokana na sababu zinazoweza kuzuilika.

Ya pili ni manjano ya watoto wachanga. Bilirubini ikipanda mno huharibu hasa vituo vya kusikia vilivyo katika shina la ubongo pamoja na neva yenyewe. Hapa vipimo vinaweza kumdanganya mhudumu: kipimo cha mwangwi wa koklea kinaweza kutoa jibu zuri, kwa kuwa koklea haijaguswa, ilhali maneno yanafika kwenye ubongo yakiwa yamevurugika. Kinachofichua tatizo ni kipimo cha mwitikio wa shina la ubongo, ambacho hufanywa kwa kubandika vipande vya kunasa umeme kichwani, mtoto akiwa amelala. Kwa hiyo swali, "Alipozaliwa alipata manjano? Aliwekwa chini ya taa? Alibadilishwa damu?" si la kujaza fomu tu.

Ya tatu ni malaria kali. Tafiti zilizofanywa Kilifi, katika pwani ya Kenya, zilionyesha kwamba baadhi ya watoto waliopona malaria ya ubongo, au malaria iliyoandamana na degedege zito, hubaki na upungufu wa lugha miaka kadhaa baadaye. Mtoto ameruhusiwa kwenda nyumbani, familia imeshukuru Mungu, na hakuna aliyewaambia kwamba usemi wake unahitaji kuangaliwa. Homa ya uti wa mgongo pia imo katika kundi hili, na dawa kama gentamisini, zinazookoa maisha, zinaweza kuidhuru koklea. Kuhusu virusi vya UKIMWI, watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili wakishirikiana na wenzao wa Dartmouth, Marekani, wamechunguza jijini Dar es Salaam watu wanaoishi na virusi hivyo, wakakuta wanaolalamika kutoelewa maneno ingawa milio wanaisikia vizuri. Kuwauliza walezi wa watoto walio katika kliniki za tiba na matunzo kuhusu usemi ni jambo la dakika mbili.

Upande wa pili kuna watoto wanaopewa jina la ugonjwa wasiokuwa nao. Mtoto aliyelelewa katika lugha isiyotenganisha "l" na "r" akisema "kura" badala ya "kula" hana hitilafu yoyote. Amekuja shuleni na sikio lililofundwa na lugha ya mama yake. Vivyo hivyo anayesema "zahabu" kwa "dhahabu". Swali la kuuliza ni moja: je, anasema vizuri lugha ya nyumbani kwao? Ikiwa bibi yake anamwelewa bila shida na yeye anasimulia visa vya kondoo na fisi kwa lugha hiyo, tatizo halimo kichwani mwake. Kwa sababu hiyo vipimo vilivyotungwa kwa Kiingereza havifai kutafsiriwa neno kwa neno na kutumika. Katie Alcock na wenzake huko Kilifi walipotengeneza orodha za maneno ya kupima lugha ya watoto wadogo wa Kiswahili na Kigiriama, walianzia kwenye maneno ambayo watoto wa huko huyasema kweli.

Na kuna jambo lisilosubiri kabisa. Mtoto aliyekuwa akiongea vizuri, kisha ndani ya majuma au miezi akaacha kuelewa anachoambiwa, akawa kama kiziwi wa ghafla na maneno yake yakapungua, apelekwe hospitalini mara moja hata kama hajaanguka wala kutetemeka. Mwaka 1957 William Landau na Frank Kleffner walieleza hali ambayo sasa ina majina yao: watoto, kwa kawaida kati ya miaka mitatu na saba, hupoteza uwezo wa kutambua maneno kwa sababu ya mkondo wa umeme wa kifafa unaowaka katika maeneo ya lugha ya ubongo, hasa wakiwa usingizini. Wengine hawaonyeshi degedege lolote la wazi. Kipimo cha umeme wa ubongo kinachofanywa mtoto akiwa amelala ndicho huonyesha. Ni hali adimu, lakini katika jamii nyingi mtoto wa namna hii hupelekwa kuombewa au kuaguliwa kwanza, na muda wa tiba hupita.

Kuhusu udata na kimeo ni vema kusema waziwazi. Utando ulioushika ulimi unaweza kumtatiza mtoto kunyonya, na mara chache huathiri utamkaji wa sauti fulani, lakini hauzuii mtoto kujifunza maneno. Kimeo hakina uhusiano wowote na kuchelewa kusema. Kukikata nyumbani kwa wembe kumesababisha kutokwa na damu nyingi na maambukizi. Hakuna ulimi uliokatwa ukalifundisha sikio kutofautisha "fua" na "vua".

Uchunguzi mzuri huenda kwa mpangilio. Usikivu upimwe kwanza, na sikio la kati litazamwe. Lugha na matamshi vichunguzwe katika lugha ya nyumbani, pamoja na umakini na mwenendo wa jumla, maana mtoto asiyegeuka anapoitwa jina na asiyetazamana na watu anahitaji kuchunguzwa usonji. Vipimo maalumu vya uchakataji wa sauti huja mwisho, na kwa kawaida havifanywi kabla ya umri wa miaka saba hivi, kwa kuwa majibu ya watoto wadogo hubadilika mno. Kusubiri kipimo si kusubiri msaada. Mtoto ambaye hajasema neno lenye maana akiwa na mwaka mmoja na nusu, asiyeunganisha maneno mawili akifika miaka miwili, au ambaye wageni hawamwelewi akiwa na miaka minne, aanze kusaidiwa bila kujali jina la tatizo lake.

Msaada wenyewe una sehemu mbili: kumzoeza mtoto, na kumrekebishia mazingira. Ya pili ni rahisi zaidi na ndiyo inayosahauliwa. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kelele za darasani wakati wa kufundisha zisizidi desibeli 35, na mtoto huhitaji sauti ya mwalimu iizidi kelele kwa takriban desibeli 15 ili aelewe vizuri. Sauti hupungua kwa desibeli sita kila umbali unapoongezeka maradufu mahali pasipo mwangwi. Mwalimu anayesikika kwa desibeli 60 hatua moja mbele yake hufika dawati la nyuma akiwa mnong'ono, na mvua ikianza kupiga juu ya bati hakuna anayefika popote. Yapo majibu ya kitaalamu, kama kipaza sauti anachovaa mwalimu na kupeleka sauti moja kwa moja kwenye sikio la mtoto. Yapo pia yasiyogharimu kitu: dawati la mbele mbali na dirisha la barabarani, maagizo mafupi yanayotolewa moja baada ya jingine, neno jipya kuandikwa ubaoni kabla ya kutamkwa, na jirani mwelevu wa kumwonyesha ukurasa.

Nyumbani, redio izimwe wakati wa mazungumzo. Mtoto aguswe bega kwanza, ndipo asemeshwe. Akisema "nimevua shati" akimaanisha amelifua, asikemewe wala asilazimishwe kurudia mara tano. Mzazi alirudishe neno sahihi ndani ya mazungumzo, "Ahaa, umelifua shati, limetakata kweli," na maisha yaendelee. Mashairi ya kupiga makofi kwa kila silabi, vitendawili, na michezo ya kutafuta neno linaloanza kama "bata" ni mazoezi ambayo bibi wengi wamekuwa wakiyatoa bila kuyaita tiba.

Kwa muuguzi wa zahanati ambako hakuna mtaalamu wa usikivu wala wa tiba ya matamshi, lipo jambo la kuandika. Pale kwenye kadi palipoandikwa "usikivu wa kawaida", aongeze mstari wa pili unaotaja hali halisi: mtoto haelewi maagizo kwenye kelele, hutofautisha pasi na basi mara sita kati ya kumi, alipata manjano akiwa na siku tatu, kwao huzungumza Kisukuma na hukosea katika lugha zote mbili. Daktari wa rufaa atakayeipokea kadi hiyo atajua kwamba mama hajaja kurudia kipimo cha milio, na kwamba mtoto hajakosa adabu.